Wifi Mwenye Mchana Mzima

Kazi ya kliniki ndiyo iliyotangulia. Alikaa mapokezi kwa daktari wa meno, akiita wagonjwa na kupokea simu. Mapazia yalikuja baadaye, yakajibana kwenye vijisehemu vya siku ambavyo kliniki ilimbakizia. Alikata kitambaa watoto wakiwa hawajaamka, akapiga pindo kwa mkono wakati wenzake wanakula, na siku ya mapumziko akakaa kwenye cherehani mpaka mgongo ugome. Mtaa ukambatiza Mama Mapazia, na jina hilo alilipenda mno.

Kisha akamfundisha wifi yake. Binti alikuwa amemaliza shule, yuko tu nyumbani, na kaka yake akasema, "Mwonyeshe kidogo, asije akaozea pale." Akamwonyesha. Wifi akatokea kuwa na mkono mwepesi. Zaidi ya mkono, alikuwa na mchana mzima.

Huo mchana ndio uliomkosesha Mama Mapazia raha. Mteja akitaka kupimiwa madirisha asubuhi, wifi huyo, futi shingoni. Mteja akitaka mtu wa kwenda naye dukani kuchagua kitambaa, wifi huyo. Mama Mapazia alikuwa na jibu moja, "Labda Jumapili," na mtu ambaye dirisha lake liko wazi hataki kusikia labda.

Mume wake alikuwa fundi bomba, anaingia nyumba za watu, na jioni alirudi na habari.

"Leo nimezibua sinki mahali, nikakuta mapazia, acha tu! Yameshuka mpaka chini kama maji."

"Ya nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ya mdogo wangu, ya nani tena?"

Alimpakulia chakula kidogo kuliko kawaida. Mume alikimaliza, akaomba kingine.

Lakini kilichomchoma kweli kilikuwa siku aliyomsikia mwenye duka la vitambaa akimwita wifi, "Karibu, Mama Mapazia!" Alisimama mlangoni kama aliyemwagiwa maji. Mama wa nani? Hata paka hana!

Basi wiki hiyohiyo akaja kliniki mwanamume mmoja, shavu limevimba kama amebana limau mdomoni. Alikuwa na nyumba ya wageni, ya ghorofa, anaipaka rangi upya. Akiwa anasubiri zamu yake aliinama kwenye meza ya mapokezi.

"Dada, yule binti anayeshona mapazia unamfahamu? Nimeambiwa anakaa huku."

Angeweza kumwelekeza. Ilikuwa ni kuvuka barabara tu.

"Aliacha," akasema. "Siku hizi hashoni kabisa. Lakini mimi nashona."

Neno lilitoka lenyewe, laini. Siku nzima aliita wagonjwa kwa sauti ya furaha.

Furaha ilikatika alipomwomba daktari ruhusa ya kwenda kupima.

"Ukitoka, nani atawaita watu?" daktari akauliza. "Niache jino la mtu nusu, nije mlangoni?"

Akaenda mbio wakati wa chakula. Alipima vyumba vya chini, akatazama saa, akatazama ngazi. Madirisha ya juu bila shaka yalikuwa sawa na ya chini. Akaandika vipimo vilevile, akakimbia kurudi.

Hayakuwa sawa. Mapazia yalipotundikwa, ya chini yalipendeza. Ya juu yaliishia njiani, kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Mwenye nyumba alikuwa bado anayashangaa alipofika fundi bomba kurekebisha mabomba ya bafu.

Jioni hiyo mume hakuleta habari. Alinawa mikono muda mrefu.

"Mama watoto, mdogo wangu ana nini?"

"Kwani vipi?"

"Mteja wako ananipa pole, eti dada yangu ameacha kushona. Nani kamwambia?"

Alivaa kandambili, akavuka barabara. Wifi alikuwa ameketi kwenye cherehani, amezungukwa na kitambaa, na alimsikiliza akikiri mpaka mwisho bila kuondoa mguu kwenye pedali.

"Wifi," akasema hatimaye, "ungeniambia unaitaka kazi ile, ningekuachia."

"Ndiyo hiyo inayoniuma!" Mama Mapazia akapaza sauti. "Kwamba wewe unaweza kuacha kazi. Unaichezea tu! Mimi kila mshono nauibia usingizi, naiibia chai, wewe umeamka umeikuta siku nzima inakungoja!"

"Na kwa hiyo ukaniua, nikiwa hai?"

Wifi alikasirika, wala hakuficha. Alisema vyumba vya juu atavimaliza yeye, kwa jina lake, na Mama Mapazia atakwenda mwenyewe kumwambia mteja ukweli. Alikwenda. Mwenye nyumba alimsikiliza akijishika shavu, akaguna, akasema maadamu madirisha yatafunikwa, ya kwao wayamalize kwao. Wifi aliongeza vipande vya rangi nyingine chini ya kila pazia, na wageni wakadhani ndiyo mtindo.

Mama Mapazia aliyaacha mapazia. Alijiuliza ni nini kinaweza kushonwa bila kumfuata mtu nyumbani kwake mchana, akaanza mashuka na foronya. Kitanda hakibadiliki sana kutoka nyumba hadi nyumba. Mteja wake wa kwanza alikuwa yule yule wa nyumba ya wageni, maana alipokwenda kutubu alikwenda na foronya moja ya mfano mkobani. Kazi hiyo iliutosha muda wake, na ikadumu.

Wivu nao ulidumu. Wifi alipofungua chumba cha kushonea, mume alipanda ngazi kutundika kibao, mke akaishika ngazi.

"Kimekaa sawa?" mume akauliza kutoka juu.

Alikitazama. Kilikuwa kimenyooka, herufi kubwa, rangi nzuri.

"Kimelala kidogo kushoto," akasema.

Wifi akatoka nje, akakiangalia, akamwangalia na yeye. "Kaka, kiache hivyohivyo," akasema. "Wifi, ingia ndani unywe chai."

Akaingia. Chai yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo nalo lilimuudhi.