Nilimbeba Jogoo Mgongoni Nikasema Ni Mtoto

Nimekosa, jameni! Nianze hapo hapo msije mkanihurumia kabla ya wakati. Mimi ndiye niliyewamaliza kuku wa kijiji kizima, na kwa siku tatu nikanyamaza huku rafiki yangu amefungiwa kwa kosa langu.

Jina langu msiniulize. Wajukuu zangu wanasoma kurasa hizi, na wao wanajua nyanya yao hana doa. Waacheni hivyo hivyo!

Ilikuwa miaka ile ya Hali ya Hatari, Mzungu alipokuwa akipigana na Mau Mau. Sisi wa upande wa Runyenjes tulitolewa mashambani kwetu tukarundikwa kijiji kimoja, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, handaki pande zote, lango moja. Bila pasi hutoki. Mume wangu alikuwa kizuizini. Mume wa Marigu, jirani yangu mlango kwa mlango, alisemekana yuko msituni. Sisi wanawake tulichimba lile handaki mpaka mgongo ukasahau kunyooka.

Kitu kimoja tu kilitupa pumzi: kuku wa mayai. Bwana Mifugo, kijana mwembamba mwenye baiskeli inayolia kuliko mbuzi, alikuwa ametuletea kuku weupe wa kizungu na kutufundisha kuwafuga. Kila Alhamisi wanawake wawili walipewa pasi wapeleke mayai yetu soko la Karurumo, lori la mjini liyachukue huko.

Pasi ya mayai! Nyinyi wa siku hizi hamwezi kujua utamu wa kutembea njiani bila mtu wa bunduki nyuma yako. Tena mama yake Marigu alikuwa mgonjwa huko Karurumo, na hiyo pasi ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumwona. Wanawake wengi walimwachia zamu zao kwa sababu hiyo.

Bwana Mifugo alikuwa na sheria zake, na alizirudia kama mtu anayefundisha katekisimu. Kuku mgeni asiingie kijijini kabla hajamkagua. Akishaingia, akae peke yake mwezi mzima, chombo chake cha maji mbali na cha wenzake. Kuku akifa asiliwe, asitupwe. Aitwe yeye, kisha achomwe.

"Mmesikia?"

"Ndiyo, Bwana!" Na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mimi. Nilikuwa mwanafunzi bora kabisa. Wa mdomo!

Sasa Alhamisi moja zamu ikawa yangu na Marigu. Tumeshapakia mayai, Marigu ameshaenda kumwosha mama yake na kurudi, mara nikamwona. Jogoo! Mwekundu kama moto, shingo imejaa manyoya ya dhahabu, kilemba kimesimama, anatembea kama mtu aliyealikwa harusini. Moyo wangu ukaanguka puu!

Mwenye jogoo alikuwa mama mmoja wa hapo sokoni. "Huyu ni shujaa," akaniambia. "Kuku wangu wengine wote wamekufa mwezi uliopita. Yeye hata kuinamisha kichwa hakuinamisha."

Wewe unayesoma, umeshastuka, sivyo? Mimi sikustuka. Mimi nilisikia sifa! Nikavua leso yangu mpya ya kichwani nikampa, nikachukua jogoo.

Marigu akashika kiuno. "Wewe, una wazimu? Utampitishaje langoni? Na Bwana Mifugo je?"

"Bwana Mifugo si mume wangu."

"Basi akae peke yake kwanza, huo mwezi."

"Akae wapi na mimi nina chumba kimoja? Nilale naye?"

"Ulale naye! Bora ulale naye kuliko kumtia kwa wengine."

Sikusikia. Nilimfunga jogoo mdomo kwa uzi wa mgomba, nikamviringisha kwenye shuka, nikambeba mgongoni kama mtoto mchanga. Kwa mbali nilikuwa mama kamili.

Langoni alikuwepo homugadi mmoja, wale askari wenyeji wa serikali, anaitwa Njiru. Akasoma pasi zetu, akainua macho. "Asubuhi ulitoka na mtoto?"

"Nilitoka naye. Hukuona?"

Ndipo ule uzi ukafunguka. Na yule shujaa, mgongoni kwangu, chini ya shuka, akawika! Lo! Alivyowika! Nilihisi sauti ikipita kwenye mbavu zangu.

Njiru akarudi nyuma hatua moja. "Hiyo ni nini?"

Marigu ndiye aliyejibu, bila hata kupepesa. "Kifaduro. Mtoto ana kifaduro. Hata mimi natembea mbali naye, kinashika watu wazima vibaya."

"Piteni! Piteni haraka!" Njiru akafunika mdomo kwa kofia.

Tulicheka mpaka tukakaa chini nyuma ya nyumba yangu. Nawaambia, katika miaka ile yote sikucheka vile tena. Kisha nikaamka, nikafungua banda, nikamtia jogoo katikati ya kuku wangu. Siku ile ile. Marigu akaacha kucheka, akaenda kwake.

Siku ya saba kuku wangu mmoja akasimama pembeni, mabawa chini, macho amefumba. Kilemba chake kikawa cheupe kama karatasi. Anakunywa maji, anakunywa maji, na kinyesi chake ni maji ya manjano na kijani. Kesho yake akafa.

Hapo ningemwita Bwana Mifugo. Lakini ningemwambia nini? Angehesabu kuku, angemwona bwana mwekundu anatamba! Basi nikamnyonyoa yule kuku, nikamchemsha, nikamla. Matumbo na manyoya nikayatupa handakini. Handakini, ambako kuku wa kijiji kizima walishinda wakiparura! Ngai! Hata nikiandika hapa nataka kujipiga kofi.

Ikaanza. Kuku wangu wakaanguka watatu, wakaanguka watano. Wa Marigu wakafuata, maana kuku wetu walikunywa kwenye sufuria moja. Kisha nyumba hii, kisha ile. Jogoo wangu yeye, mzima! Anawika asubuhi ndani ya tenga nililolifunika magunia, na mimi naimba nyimbo za kanisani kwa nguvu ili asisikike. Majirani wakasema nimeokoka.

Halafu wakafa kuku wa sajenti wa homugadi. Kumi na mmoja kwa siku mbili. Hapo mchezo ukaisha.

Sajenti alikuwa mtu mnene aliyeona watu wa msituni hata kwenye uji wake. "Hii ni sumu!" akapiga kelele. "Nani amekuwa akiwapa kuku wangu maji?" Na aliyekuwa kwenye zamu ya kufagia kwake na kuwawekea kuku maji wiki ile alikuwa nani? Marigu. Ambaye mume wake yuko msituni. Wakamchukua mbele ya macho yangu, wakamfungia kambini kwao. Alipopita kwangu aliniangalia mara moja tu, kisha akatazama mbele.

Nikajua hatanitaja. Na aibu yangu kubwa, kuliko kuku wote, ni hii: nilipojua hatanitaja, nilipumua.

Siku ya kwanza nikajiambia watamwachilia. Ya pili nikajiambia sajenti atapoa. Ya tatu nikamsikia Njiru akisema kesho Marigu anapelekwa Embu mjini, na waliopelekwa huko hatukuwa tumewaona wakirudi upesi.

Lazima mjue jambo moja. Kila asubuhi tulikusanywa uwanjani, na sajenti alitembea mbele yetu akisema, "Ungameni! Nani ana la kuungama?" Alitaka kusikia nani alikula kiapo cha watu wa msituni, alitaka majina. Miezi na miezi alisema hivyo, na miezi na miezi wanawake walitazama vidole vya miguu yao. Asubuhi ile Bwana Mifugo pia alikuwepo, amekuja kuuliza mbona mayai yamepungua.

"Nani ana la kuungama?"

"Mimi," nikasema.

Woi! Wanawake waligeuka wote. Nyuma yangu mtu alisema polepole, "Kaa chini, wewe mtoto, usituue." Sajenti alikuwa hajajiandaa kabisa, masikini. Akajipapasa mifuko kutafuta penseli.

"Sema. Ulifanya nini?"

"Nilimwingiza mtu... nilimwingiza jogoo kijijini."

Akaandika. "Jogoo. Hilo ni jina lake la msituni?"

"Hapana, Bwana. Ni jogoo."

"Alipitia wapi?"

"Langoni. Nilimbeba mgongoni."

"Mwanamke, unataka kuniambia ulimbeba mwanaume mgongoni ukapita langoni?" Akamgeukia Njiru. Njiru alikuwa ameanza kuelewa, na uso wake umekuwa kama majivu.

"Analala wapi sasa?"

"Kwangu. Chini ya tenga."

Wakakimbia watu wanne na bunduki! Wakazingira nyumba yangu, wakapiga teke mlango. Kisha jogoo akawika, na uwanja mzima ukasikia. Njiru akasema kwa sauti ya mtu anayekufa, "Kifaduro!"

Aliyeanza kucheka ni kikongwe mmoja mbele kabisa. Kisha wote. Hata homugadi wakacheka, ila sajenti.

Bwana Mifugo hakucheka pia. Alichukua kuku mwingine wa sajenti, kuku aliyekufa asubuhi ile, akampasua juu ya jiwe. Ini lilikuwa limevimba, na likaanza kuwa rangi ya shaba iliyoshika kutu. "Hakuna sumu hapa," akasema. "Hii ni homa ya matumbo ya kuku. Huyo jogoo aliugua akapona, lakini bado anabeba ugonjwa tumboni. Mfungueni Marigu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye uliyekuwa ukiitikia kwa sauti kubwa."

Marigu akatolewa. Jogoo akachinjwa, na kuku wangu watatu waliokuwa wamepona pia, maana hao nao wangekuwa wabebaji. Wote wakachomwa shimoni. Mabanda yakafagiliwa, matandiko yakachomwa, kuta zikapakwa chokaa, yakaachwa matupu. Langoni likawekwa karai la dawa kali la kukanyagia, na kulijaza kukawa adhabu yangu. Hata sajenti alivuliwa ukali wake pale: "Kiatu cha pili pia, Bwana," nilimwambia kila siku, na alichovya!

Natamani hadithi iishie hapo. Lakini hakuna kuku, hakuna mayai, na hakuna mayai, hakuna pasi. Wiki nyingi lango lilikuwa limefungwa kwetu. Katika wiki hizo mama yake Marigu akafariki Karurumo. Ruhusa ya kwenda kuzika ilifika siku mbili baada ya kuzikwa.

Marigu hakunitukana. Laiti angenitukana! Alipita mlangoni kwangu kila siku kama anayepita jiwe, mpaka vijiji vikavunjwa na kila mtu akarudi shambani kwake. Ndipo asubuhi moja nikamwona anapanda kilima, na kikapu cha vifaranga sita. Akakiweka chini. "Nimewatenga mwezi mzima," akasema. "Usiwaue na hawa." Nikalia kama mtoto. Akaniacha nilie, kisha akauliza kama nina chai.

Marigu ametangulia sasa, kwa hiyo naweza kusema. Na ninasema kwa sababu juzi nilienda kumtembelea binti yangu pale mtaa wa Dallas, hapa hapa Embu mjini. Ana kuku mia mbili wa mayai, na nilimkuta anafungua kreti ya kuku wapya aliowanunua njiani, mlango wa banda uko wazi. "Ni wazima, mama, si unawaona?" Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka!

Nyinyi mnaofuga, kuku mzima kwa macho si kuku mzima. Mtenge. Osha vyombo, chovya viatu, choma aliyekufa. Na usimimine dawa kwenye maji kwa kubahatisha. Mwite daktari wa mifugo apasue aone.

Na ukishakosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo. Faini utalipa, watu watakucheka, yatapita. Mimi nilichelewa siku tatu tu, na zile siku tatu bado sijazimaliza.