Mchanga Mweusi Uliokataa Kucheza

Ijumaa ya sikukuu, Kibiti. Niliondoka kwa sababu ya nzi. Jana yake mwalimu wa kemia aliuliza nani ataeleza metali ya titani inavyopatikana, nami nikainua mkono kumfukuza nzi. Akaniandika! Jumatatu nisimame mbele ya darasa zima, mimi ninayeitikia jina kwa kunong'ona.

Nikaamua kuleta mchanga mweusi wenye titani kutoka kisiwani kwa shangazi, sumaku iuchezeshe, iseme badala yangu. Niling'oa ya kwenye spika ya redio ya baba, bila kumwambia.

Saa nne, bandari ya Nyamisati. Tukangoja maji yajae ndipo boti ikaondoka.

Alasiri, kisiwani. Shangazi Mwanahawa huosha mchanga kwenye kambi ya watafiti wa madini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, bubu wangu! Shika sinia."

Tulilitikisa majini kama tunaotoa mawe kwenye mchele. Mchanga mweupe, mwepesi, ukaenda na maji; mweusi ukabaki. Ulipokauka nikapitisha sumaku. Ukaruka, ukasimama kama nywele! Huo nikaujaza chupa, ule usionaswa nikaumwaga baharini.

Shangazi akashika kiuno. "Lo! Umebeba chuma, titani umeirudishia bahari. Mchele umewapa kuku, wewe unapika makapi!"

Kumbe sumaku ndogo huvuta mchanga wa chuma tu. Wa titani hutaka sumaku kubwa ya mashine.

Jumamosi nikaosha upya, nikautoa wa chuma kwa sumaku, uliobaki nikaujaza chupa ya pili.

"Halafu unapelekwa wapi?" nikamuuliza shangazi.

"Kiwandani. Mie sijakiona, nimehadithiwa na mtaalamu wetu. Unachomwa na makaa ndani ya gesi ya klorini, unakuwa mvuke, ukipoa ni majimaji. Hayo yakipikwa na magnesiamu, inatoka titani yenye matundu kama andazi."

Jumapili, ndani ya boti. Chupa mbili mkobani. Ya chuma ingecheza, darasa lipige makofi, nikae. Nani angejua?

"Utaonyesha ipi?" shangazi alikuwa ameniuliza gatini. Nikarukia botini.

Jumatatu, darasani. Mkono ulikwenda kwenye chupa ya chuma, ukarudi. Nikamwaga ya titani kwenye karatasi, nikapitisha sumaku. Mchanga ukalala tu.

"Umekufa huo!" akapayuka Hamisi wa nyuma. Darasa likaangua kicheko.

"Haujafa," nikasema. "Una haya, kama mimi."

Wote wakanigeukia. Ikabidi niendelee, na nikaendelea hadi kengele. Makofi nikayapata, tena bila kuwadanganya.

Jioni, nyumbani. Nilimkuta baba akiitikisa redio na kuipigapiga mgongo. Kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikamweleza yote tangu nzi.

Yeye hakupiga makofi.