Ng'ombe wa Kalongolongo

Enzi zetu kule Kibugu, ukitaka kujua wewe ni nani duniani, ulingoja kalongolongo ianze. Mchezo huo wa baba na mama tuliuchezea nyuma ya kituo cha kupimia majani chai, na vyeo viligawanywa na Wawira, binti wa jirani. Wawira alikuwa mama. Alikuwa mama hata siku aliyotoka kuchapwa kwao kwa kupoteza sweta. Njeru alikuwa baba. Kazi yake ilikuwa kwenda kazini, kurudi akipepesuka, na kuuliza chakula kiko wapi. Mimi nilikuwa ng'ombe.

Sikujitolea. Nilifungwa kamba ya mgomba kiunoni, nikawekewa majani ya napia mdomoni, nikakamuliwa vidole. Nikilalamika, Wawira alisema, "Ng'ombe haongei." Iliniuma, jamani. Nilitaka kuwa mama hata mara moja tu, nibebe mtoto wa gunzi mgongoni, niwaamrishe wengine. Nikamlilia mami, naye akaendelea kuchambua maharagwe.

"Si uache kwenda? Ama umefungwa kweli?"

Basi nikaacha. Jumamosi hiyo nilibaki jikoni naota moto, nimenuna. Chai haijachemka, nikasikia kelele langoni. Walikuwa wote, matope hadi magotini, Wawira mbele.

"Mama Karimi, tunaomba ng'ombe wetu. Watoto hawana maziwa, na baba amekataa kwenda kazini."

Mami alicheka hadi maharagwe yakamwagika. Mimi nilikuwa nimeshatoka mbio, wala sikudai cheo kingine. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama siku ile ya kuitwa ng'ombe.

Watoto wa leo wamebarikiwa, wana vyeo vyote. Binti yangu, hapa Embu mjini, kwenye simu yangu ni mama, ni daktari, ni rubani, tena ana shamba la ng'ombe wasionung'unika. Nilimsimulia haya nikitarajia acheke. Akanitazama kwa huruma, kisha akauliza, "Mami, walijuaje kwamba hukuwepo?"

"Walinikosa," nikasema.

Akafikiria kidogo. "Na mimi nisipocheza, nani anajua?"

Kesho yake nilivaa ndara, nikapanda ngazi hadi kwa jirani ambaye hata salamu hatujawahi kupeana, nikabisha hodi na kuuliza kama wana mtoto wa kucheza na binti yangu.