Jiwe Tulilolisimamisha Mwera

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Raskazone, Mkuu wa Kitengo alinitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili, akaniuliza, "Mama, jua utaliweza?" Nikamjibu, "Jua la Tanga nimezaliwa nalo, bosi. Nipe brashi." Akacheka, akanipa brashi na ndoo ya chokaa. Ndivyo nilivyoanza kazi ya kutunza kumbukumbu za kale, na sijawahi kuijutia.

Nyinyi vijana mnadhani kazi ile ni kusimika kibao na kupiga picha. Thubutu. Kuta za zamani za pwani zimejengwa kwa matumbawe, mawe ya baharini, na hayo hayataki saruji. Ukiyapaka saruji, unyevu hukosa pa kutokea na ukuta humeguka. Hutaka chokaa iliyolowekwa ikaiva. Nilipohamishiwa Pongwe, Msimamizi wangu alikuwa na haraka ya wageni, akaagiza saruji. Nilikataa. Tulinuniana wee, lakini ukuta ule umesimama hadi leo, na yeye ndiye wa kwanza kuusifia.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Pangani, na huko ndiko nilikopata ushindi wangu mkubwa. Shamba la mkonge lililoachwa karibu na Mwera lilikuwa linakatwa viwanja. Mzee Yohana, ambaye baba yake alitoka milimani kuja kukata mkonge, akaja ofisini. "Baba yangu kalala mle," alisema. "Wakijenga juu yake, nitamwambia nini mama huko niendako?"

Afisa Ardhi hakuwa mtu mbaya. "Nionyesheni kaburi moja tu," alisema, "nami bikoni nitaing'oa kwa mkono wangu." Bikoni ndilo jiwe la mpaka wa kiwanja.

Kaburi halikuonekana. Vijana waliofyeka shamba ili lipimwe viwanja walikuwa watoto wa pwani kama mimi. Kwetu kaburi hujulikana kwa mawe, moja kichwani, jingine miguuni. Mzee Yohana akasema kwao hupandwa masale, mmea wa majani marefu, na mama yake aliyapanda. Vijana wakatazamana. Walikuwa wameyafyeka wakidhani ni kichaka tu. Niliwasema mpaka wakainamisha vichwa.

Lakini masale hayafi kwa panga moja. Mvua zilipoanza, tulirudi na Afisa Ardhi, tukapekua nyasi kwa mikono. Machipukizi yalikuwa yamesimama kwa mstari, na kando yake mawe ya Waislamu, mawili mawili, yaliyokuwa yamezama ardhini mpaka mvua ilipoyafichua. Walizikwa pamoja kama walivyofanya kazi. Mzee Yohana akapiga goti kwenye tope. "Baba, shikamoo," akasema. Nililia, wala sioni haya kusema.

Afisa Ardhi akaing'oa bikoni yake, kama alivyoahidi.

Ukazuka ubishi wa jiwe la kumbukumbu: huyu anataka msalaba, yule mwezi na nyota. Nikawaambia, "Marehemu hawagombani, mtagombana nyinyi?" Tukaandika: HAPA WAMELALA WALIOKATA MKONGE. WAHESHIMUNI. Siku ya kulizindua, shehe aliomba dua, mchungaji akasali, na pilau tukala sinia moja.

Sasa nimestaafu, magoti yanalia. Vibao vyangu vingine vimefifia, na wakubwa walioviagiza wamesahaulika. Sijali. Mwaka jana Mzee Yohana alifariki. Wanawe hawakuuliza wamzike wapi.