Fibre yangu ilivyomnyima baba kumuozesha binti yake

Wakuu, poleni na majukumu. Kisa hiki kimenikuta mwenyewe, na atakayeona nimetia chumvi aje Pongwe nimuoneshe router.

Kuna kampuni ilinifungia fibre ya intaneti nyumbani, jina silitaji. Mkataba unasema speed 20. Siku ikijitahidi napata mbili. Customer care kila siku ni zima, washa. Fundi wao alikuja saa nne asubuhi, mtaa mzima uko kazini, akapima, akasema iko poa, akanywa chai yangu akaondoka.

Sasa mdogo wangu Zuhura akaposwa. Baba yetu yuko Muscat kwa shangazi, anauguza nyonga, hawezi kusafiri. Akasema atampa baba mdogo uwakili amuozeshe kwa niaba yake. Utaratibu wa siku zote.

Mimi na kimbelembele changu nikamwambia, "Baba, usimwachie mtu. Muozeshe mwenyewe kwa video, fibre ipo."

Mzee wa watu alifurahi mno. Ndiye binti yake wa pekee. Shekhe naye akakubali, ila kila neno lisikike wazi.

Siku ya ndoa, baada ya Alasiri, sebule imejaa, baba yuko kwenye TV na kofia mpya. Akaanza, "Nimekuo..."

Akaganda, mdomo wazi. Kiduara kinazunguka.

(Mtakaouliza kwa nini sikutumia bando: mtandao wa simu pale kwangu unashika dirishani tu, tena wa kupiga. Ndiyo maana nilifunga hiyo takataka.)

Tulianza upya mara tatu, akaganda mara tatu. Watu wakaanza kucheka chinichini. Shekhe akasema kwa upole, "Neno nusu halifungi ndoa."

Nikaenda dirishani nikampigia simu ya kawaida. Akampa baba mdogo uwakili, sauti imemshuka. Ndoa ikapita, pilau likaliwa. Mimi nililia chooni, sifichi.

Kesho yake kampuni ikanitumia meseji kuuliza nitawapa nyota ngapi kwa huduma yao.

Video ya ndoa niliipeleka Raskazone kwa rafiki yangu mwenye intaneti ya maana, nikamtumia baba, ikaenda kwa dakika moja. Baba akajibu, "Nimemuona mdogo wangu akimuozesha mwanangu. Kaozesha vizuri."

Hajanilaumu hata siku moja. Bora angenitukana.

Nilichojifunza: mpango wa mtu mzima usiuvunje kwa kuamini bango la barabarani la kampuni ya fibre.

Wa Pongwe wenzangu, nyie mnatumia kampuni gani? Ila atakayeniambia zima, washa, tutakosana.