Bourse Moja, Ngosa Wawili

Siku jina langu liliposomwa kwenye auditoire, ukumbi wa chuo, msichana mwingine alisimama kulipokea.

Naapa, sitanii.

"Chishimba Ngosa Albertine!"

Mimi huyo nikasimama safu ya nyuma. Yeye kasimama mbele. Tukatazamana. Watu wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Ile bourse, ufadhili wa masomo tulioitiwa, ndiyo ilikuwa pumzi yangu ya mwisho. Baba alikuwa amelala nyumbani Naviundu, mapafu yamekwisha. Minerval, ada ya chuo, sikuwa nimelipa, na chuo kilishaniambia nijiandae kurudi kwetu.

Waliotoa bourse walikuwa mume na mke, Papa Adalbert na Mama Delphine. Walisoma chuo hicho hicho zamani, wakapendana humo humo. Mzee akawa injinia, mama akawa mfamasia. Kila mwaka walimchukua mwanafunzi mmoja, wakamlipia mpaka amalize.

Mmoja tu. Uwezo wao uliishia hapo.

Wakatuita ofisini. Kumbe waliona dossier mbili za maombi zenye jina moja, wakadhani ni mtu mmoja katuma mara mbili!

"Tuangalie points," Papa Adalbert akasema. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Akalinganisha. Zangu zilizidi kidogo.

"Ni huyu," akasema, akinionyesha mimi.

Mama Delphine hakuridhika. "Ngoja kwanza, Adalbert. Jina yote sawasawa namna hii? Binti, baba yako banamuita nani?"

"Chishimba Jeannot," nikasema.

Yule mwenzangu akanigeukia.

"Na weye?"

"Chishimba Jeannot," akajibu taratibu. "Ngosa Albertine njo jina ya mama yake."

Bibi yangu mzaa baba aliitwa Ngosa Albertine. Baba yetu alikuwa mmoja.

Tulipotoka nje aliniambia kwao wanamwita Kiki. Alikuwa amenizidi umri. Mama yake alishakufa, anaishi upande wa Annexe kwa mama yake mdogo, wanalima mihogo. Baba aliondoka yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni.

Mimi nilikuwa nimejipanga kuipigania bourse yangu. Yeye hata hakuitaja.

"Papa iko muzima?"

"Iko. Lakini anagonjwa sana."

"Bourse ubakie nayo. Unipeleke tu nimuone."

Nikampeleka.

Baba alikuwa ameketi kitandani, mama anamnywesha uji. Kiki akapiga magoti pale mlangoni.

"Papa, ni miye. Ngosa, mutoto wa mama Abigaïl."

Baba akamtazama. Kisha akamtazama mama.

"Miye niko na binti mumoja tu," akasema. "Huyu simujue."

Jamani.

Kiki hakulia. Alisema tu, "Pardon, papa, nilikosa nyumba." Akainuka, akatoka.

Nilimkimbilia mpaka barabarani. Hakugeuka.

Kesho yake nikaenda mtaa wa Golf, nyumbani kwa wale wafadhili.

"Ile bourse mumupe Kiki," nikasema.

"Na weye utasoma na nini?" Mama Delphine akauliza.

"Sijue, mama."

"Ukitoka, umetoka," Papa Adalbert akaonya. "Ya pili mwaka huu hatuna."

"Najua, papa."

Mama Delphine akanishika mikono, machozi yanamtoka. Mzee akageukia dirisha.

Kiki akapewa bourse, mimi nikafutwa chuoni. Nikaingia sokoni kuuza mafuta ya mawese, nikiwaona wenzangu wanapita na vitabu vyao. Siwadanganyi, ziko siku nilijilaani. Ziko siku nilimchukia Kiki, nikamchukia na baba, nikashindwa hata kula.

Baba akafa mvua zilipoanza.

Kiki alikuja kwenye kilio. Akakaa mbali kabisa, huko kwa wageni. Mama akamuona. Akainuka, akapita katikati ya watu wote, akamshika mkono, akamleta kwenye mkeka wa watoto wa marehemu.

Nikashangaa. "Mama, kumbe unamujua?"

Mama akainamisha kichwa.

"Toka mbele ya kukuzala weye. Ni miye nilikataza baba yako asikanyage kwabo tena. Na weye nilikupatia jina yake yote, ju asahau ule wa kwanza."

Watu waliendelea kuimba. Kumbe miaka yote hiyo nilipewa jina ili mtu mwingine afutike!

Na ile siku baba alipomkana, kumbe alikuwa anamuogopa mama.

Kiki alisikia kila neno. Halafu akavua pagne, kitenge chake cha juu, akamfunika mama mabegani.

"Kaa, mama. Umechoka."

Mama akalia kuliko alivyomlilia baba.

Leo Kiki yuko mwaka wa tatu, anasomea udaktari. Mimi bado nauza mawese. Mwaka huu nimeomba tena kwa wale wazee wawili, na sijajibiwa.

Wewe unayesoma hii, mtu akisimama kwenye nafasi yako, usikimbilie kumchukia. Muulize kwanza ametokea wapi. Na nyinyi wazazi, nawaomba: mapigano yenu yamalizeni wenyewe. Msiwape watoto wayabebe.