Sentensi ya Ndama Aliyekufa

Tarehe kumi na mbili Novemba 1956, asubuhi, nilikuwa nimeinama juu ya meza ya darasa letu mjini Garissa, nikikata maneno vipande. Sentensi zilezile zilikuwa zimekusanywa kwa Kiswahili, Kiborana na Kisomali. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vipande vyenye maana ndani ya kila neno, ijulikane ujumbe mmoja hubeba vipande vingapi katika kila lugha. "Hatutawapeleka" peke yake lilinipa sita.

Mkaguzi wa elimu alisimama mlangoni. Lugha itakayoonekana nzito kupita zote kwa wingi wa vipande ingeondolewa katika madarasa ya mwanzo. Wasichana wangu wadogo walifundishwa kwa Kisomali. Kikiondolewa, wazazi wangewarudisha malishoni. Walikwisha kuniambia hivyo waziwazi.

Kisomali kilikuwa kimezidi mno.

"Mto unajaa, Mwalimu," alisema. Nje dereva wa lori alipiga honi. "Tia sahihi, nivuke."

"Kuna sentensi chache zinazovuta hesabu, Bwana Mkaguzi. Ndama amekufa. Kisima kimekauka. Mtoto hakurudi. Mbona katika Kisomali zote zina jina la Mungu, na sisi hatukumtaja?"

Mama aliyempa karani wa Mkaguzi sentensi hizo za Kisomali alikuwa akipita uani na kibuyu cha maziwa. Binti yake alisoma kwangu. Nilimwita.

"Abaayo, dada yangu, tuambie tena ile ya ndama aliyekufa."

"Asubuhi hii? Na ngamia yangu iko na mimba?"

"Ni sentensi tu."

"Sentensi yako haina mifugo, abaayo. Mimi niko nayo."

"Basi karani ulimwambia nini?"

"Nilisema Mungu amkinge ndama na kifo, yeye na mama yake na zizi yote. Yeye akaandika. Nikaona amefurahi."

Mkaguzi alitazama saa yake. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumehesabu dua. Nipe siku chache nikusanye upya, kwa mambo ambayo mtu huku anaweza kuyatamka bila kujiitia msiba."

"Mto haunipi siku chache." Alizikusanya karatasi bila sahihi yangu, akatoka. Honi ilikoma.

Mama alibaki ameshika kibuyu. "Binti yangu aje kesho?"

"Aje."

Nilianza upya, safari hii kwa mvua, arusi, maziwa na safari ya Elwak. Dua zilipotoka, Kisomali kilishuka. Kilichobaki juu kilikuwa Kiswahili, lugha yangu mwenyewe, ambayo watoto wa kwetu pwani huisema kabla ya kumaliza kuota meno. Kabla sijapeleka matokeo, ikaja amri: darasa letu la Kisomali lifungwe mwisho wa muhula.

Katikati ya Desemba nilipeleka barua hii:

"Waheshimiwa, karatasi mlizozitumia hazina sahihi yangu, na sababu yake Bwana Mkaguzi aliisikia kwa masikio yake. Naambatanisha hesabu mpya. Ikiwa wingi wa vipande ndio kosa, basi anzeni kukifunga Kiswahili. Ikiwa siyo, naomba amri iondolewe. Muhula ukifunguliwa wasichana watakuja, kwa kuwa nimewaambia mama zao waje, nami nitawafundisha kwa Kisomali. Atakayetaka kulifunga darasa aje mwenyewe, awakute wamekaa, na awaambie wao."